Mzee Aliyenishikia Ngazi

Haya hayakumpata rafiki ya rafiki yangu, wala sikuyaokota kwa kinyozi. Yalinipata mimi mwenyewe, mtaani Umoja, Nairobi, Jumamosi mchana, jua likiwaka mpaka mabati yanatoa mlio. Najua mtu akisimulia mambo ya namna hii huulizwa kwanza kama alikuwa amekunywa. Sikuwa nimekunywa. Hata chai ya asubuhi nilikuwa sijapata. Na kama ningekuwa natunga, niamini, ningetunga kisa ambacho mwisho wake mimi natoka nikiwa mtu mzuri. Hiki si hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni. Eastlands nzima ilikuwa imeshikwa na hofu ya wezi. Huwezi kumaliza wiki hujasikia mlango wa fulani umevunjwa kwa jiwe. Watu wakaongeza vyuma madirishani, wakapandisha kuta, wakamwaga vipande vya chupa juu yake. Waliojiweza kidogo wakaanza kuweka alamu, na hapo ndipo mimi nilipopatia riziki. Mimi ni fundi wa stima. Nilisomea Machakos, nikaja Nairobi, nikajifunza mambo ya ving'ora kwa fundi mmoja mkubwa, kisha nikajitegemea.

Mafundi tulikuwa tukikaa nje ya duka moja la vifaa vya stima, tunangoja kazi. Hapo ndipo Mama Njeri aliponikuta. Mama wa makamo, muuza nafaka sokoni, leso begani, na macho yamezama kama ya mtu ambaye usingizi umemkataa.

"Fundi, wewe unajua mambo ya alamu?"

"Najua, mama."

"Kuna mtu aliniwekea, akaacha king'ora kwenye boksi. Alisema angerudi kesho yake. Mpaka leo."

Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza. Fundi gani anaacha kazi imebaki nyaya mbili tu? Lakini mimi nikauliza swali lingine.

"Ni wapi?"

"Umoja."

Umoja nilikuwa nimeishi miezi minane, ghorofani kwenye ekstensheni, yaani vyumba vya kupanga vilivyoongezwa nyuma ya nyumba, chumba kimoja na dirisha moja. Kisha nikahama ghafla, nikaenda Kware, kule karibu na Pipeline, na mwaka mzima sikurudi kukanyaga Umoja. Mtu akiniuliza kwa nini nilihama, nilikuwa nasema ni shida ya maji. Ulikuwa uongo. Lakini huyu mama aliniongoza kwa geti la upande mwingine kabisa, upande ambao sikuwahi kupitia, tukapinda mara mbili kati ya kuta ndefu, na moyo wangu ukatulia. Nikajiambia Umoja ni kubwa.

Nyumba ilikuwa safi, ya chini, yenye ua mdogo wa saruji nyuma. Akanionyesha kila kitu haraka haraka.

"Tuliingiliwa mwaka jana," akasema. "Nataka kitu kitakacholia mpaka watu wasikie. Unanielewa? Wasikie."

"Kitasikika, mama."

"Mimi narudi sokoni, nimeacha magunia na mtu. Saa kumi nitakuwa hapa."

Akatoka. Nikasikia anafunga geti kwa kufuli upande wa nje. Sikuona ajabu. Wakati ule watu walikuwa wanafunga hata choo.

Acha nikueleze kazi yenyewe kidogo, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichonitisha. Alamu ya nyumba ina kisanduku kikuu ukutani, ambacho ndicho akili yake. Kisanduku kinakula stima ya nyumba, na ndani yake kuna betri, ili hata wezi wakikata stima alamu isife. Kisha pembeni kabisa ya chumba, juu karibu na dari, kunawekwa kijicho cha plastiki. Mtu akipita mbele yake, kijicho kinawaka taa nyekundu na kupeleka habari kwenye kisanduku. Kisanduku nacho kinapeleka nguvu kwenye king'ora, kwa waya mbili, nyekundu na nyeusi. Hizo mbili ndizo zilizokuwa zimebaki. Upande mmoja zifungwe kwenye kisanduku, upande wa pili zipite darini zitokee nje chini ya paa, zikutane na king'ora. Kazi ya saa mbili.

Nikawasha kisanduku kwanza, nione kama kizima. Kilikuwa kizima. Nikapita sebuleni, kijicho kikawaka. Nikarudi, kikawaka. Nikanyoosha mkono, kikawaka. Sawa.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama kwenye korido ya kwenda vyumbani.

Sikushtuka. Nilidhani ndiye mwenye nyumba, alikuwa amelala. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, sweta ya kijivu, soksi bila viatu. Shingoni alikuwa amezungushia kitambaa kama mtu mwenye mafua.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimekuamsha na kelele."

"Kelele si mbaya," akasema.

Sauti yake! Sijui niielezeje. Haikuwa ya kunong'ona, lakini haikuwa sauti pia. Ilikuwa kama mtu anayeburuta kiti juu ya saruji, polepole. Ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie.

Akapita mbele yangu, akavuka sebule yote, akaenda kukaa kwenye kochi. Nikatazama kijicho bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi tu. Hakikuwaka.

Nikasema moyoni, lo, hiki kina kasoro. Nikapiga hatua moja. Kikawaka. Mzee akainuka, akasogea dirishani, akasimama chini yake kabisa. Kimya, hakuna taa. Kweli nakwambia, nilitoa bisibisi, nikapanda kiti, nikakifungua kile kijicho nikitafuta ubovu wake, na mzee ananitazama. Akili ya binadamu ni kitu cha ajabu. Inaweza kuona jambo wazi kabisa na ikatafuta skrubu iliyolegea.

"Hicho unachoweka," mzee akaniuliza, "kitasikika mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani, mzee. Hata mtaa wa pili."

"Na watu wakisikia, watatoka?"

"Watatoka. Nani atalala na kelele kama ile?"

Akacheka. Mabega yalitikisika lakini hakukuwa na sauti.

"Wewe ungetoka?"

Unajua maswali mengine mtu hujibu kabla hayajafika akilini. "Ningetoka, mzee," nikasema. "Mtu akihitaji msaada, utakaaje ndani?"

Alinitazama tu, na mimi nikajishughulisha na nyaya.

Nikazima stima ya kisanduku, nikachomoa na betri nikaiweka mezani, kwa sababu huwezi kufunga nyaya za king'ora zikiwa na nguvu. Kumbuka hapo, tafadhali. Betri ilikuwa mezani. Nilifunga waya nyekundu na nyeusi kwenye kisanduku, nikazipitisha darini, nikachukua king'ora na drili ya mkono, nikatoka nje uani na ngazi.

Mzee akanifuata. "Nitakushikia ngazi," akasema.

"Usijisumbue, mzee."

"Nitashika."

Nikapanda. Ng'ambo ya ukuta wa kushoto wanawake wawili walikuwa wanaanika nguo na kupiga soga. Kule mbele, kati ya nyumba, kijana mmoja alikuwa anaosha gari, redio imefunguliwa. Mchana wa kawaida kabisa wa Jumamosi. Nikatoboa ukuta, nikaweka king'ora, nikakaza skrubu. Kisha nikajifuta jasho na kuinua macho.

Mbele yangu, ng'ambo ya ukuta wa nyuma, hatua kama thelathini tu, kulikuwa na ekstensheni ya ghorofa. Ghorofani kulikuwa na dirisha moja, na kioo chake cha chini kilikuwa kimepasuka na kuzibwa kwa mbao ya rangi ya samawati. Ile mbao niliigongelea mimi.

Lilikuwa dirisha langu.

Sasa lazima nikwambie kwa nini nilihama. Mwaka mmoja kabla, usiku, nilikuwa nimekaa chumbani mle natengeneza redio ya mtu. Nikasikia mtu anapiga nduru upande wa nyuma. Mwanaume. Alisema wezi, wezi, kisha akaanza kuita watu kwa majina. Baba Otieno! Kamau! Jamani, Mutiso! Nilisimama. Nilikwenda mpaka dirishani. Sikuona kitu ila kuta na giza. Nikafikiria mapanga. Nikafikiria kwamba taa yangu peke yake ndiyo iliyokuwa inawaka upande wote ule, na kwamba wezi wanaweza kuiona.

Nikaizima. Nikakaa kitandani. Yule mtu aliendelea, kama dakika kumi, na kila mara sauti inakauka zaidi, mpaka ikawa ni kitu cha kukwaruza tu. Halafu ikaisha. Kesho yake niliondoka alfajiri kabla watu hawajaanza kuulizana. Wiki hiyo hiyo nikahamia Kware.

Basi niko juu ya ngazi, drili mkononi, natazama lile dirisha. Na chini yangu ile sauti ya kuburuta kiti ikasema:

"Pale palikuwa na taa."

Sikugeuka. Sikuweza.

"Niliiona," akasema. "Nikasema, huyu hajalala. Huyu atakuja. Halafu ikazimwa."

Nilitazama chini. Hakukuwa na mtu. Niliona saruji, miguu ya ngazi na kivuli changu. Lakini ngazi ilikuwa imeshikwa. Unajua ngazi iliyoshikwa inavyokuwa imara? Ilikuwa imara kuliko nyumba. Kisha kitu cha baridi kikanizunguka kifundo cha mguu wa kulia, vidole vitano nikavihesabu kimoja kimoja, vikakaza.

Hapo king'ora kikaanza kulia.

Ile sauti haikuwa ya king'ora. Nyaya zilikuwa zinaning'inia mbele ya uso wangu, ncha zake wazi, hazijagusa chochote. Betri ilikuwa mezani ndani. Na kutoka kwenye kile kikopo cha plastiki, sentimita chache kutoka sikioni mwangu, ikatoka sauti ya mwanaume mzima, yenye nguvu zake zote, sauti kabla haijakauka. Wezi! Wezi! Baba Otieno! Kamau! Jamani, Mutiso! Majina yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Nikapiga nduru. Sioni haya kusema. Nilipiga nduru kama mtoto. "Nisaidieni! Mama, nisaidieni!" Wale wanawake walikuwa hapo, ningeweza kuwatupia sabuni. Mmoja alikuwa anakamua shuka. Hakugeuka. Mwenzake akamwambia jambo, wakacheka. Yule wa gari akainama kuosha gurudumu. Niliwaita mpaka nikahisi ladha ya damu kooni, na hakuna aliyeinua kichwa, na ule mkono wa baridi ukapanda kidogo, ukafika kwenye goti.

Nadhani ningekufa pale. Sijui hasa ningekufaje, lakini nilijua. Na sijui aliyenifundisha la kufanya. Labda ni kwamba nilikuwa nimeishiwa na maneno mengine yote.

"Nilisikia," nikasema. Sauti ilikuwa imekwisha, ikatoka kama pumzi. "Mzee, nilisikia. Nilisikia kila neno. Mimi ndiye niliyezima taa."

King'ora kikanyamaza. Mkono ukaniachia mara moja, na ngazi nayo ikaachiwa. Ikateleza, tukaanguka pamoja. Niliangukia mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukivunjika ndani, kisha sijui tena.

Mama Njeri ndiye aliyenikuta. Alikuwa amenimwagia maji usoni, amepiga magoti kwenye saruji na kapu lake bado liko mkononi.

"Fundi! Fundi, umeanguka? Hakuna mtu alisikia?"

Akaenda ukutani kwa haraka, akawaita wale wanawake. "Hamkusikia mtu akipiga nduru huku?"

"Hatujasikia chochote, Mama Njeri," mmoja akajibu, na hakuacha kubana nguo kwenye kamba. Mpaka leo sijui kama hawakusikia kweli, au walisikia kama mimi nilivyosikia.

Nilimuuliza yuko wapi mzee. Akaniuliza mzee gani. Nikamweleza sweta ya kijivu, soksi, kitambaa cha shingoni. Akaweka kapu chini polepole sana.

"Sauti yake ilikuwaje?"

Nikamwambia.

Akakaa pale pale chini karibu nami. Usiku ule wa wezi, akanieleza, yeye na binti yake walikuwa wamekwenda Murang'a kwenye mazishi. Mume wake alibaki peke yake. Wezi walimwacha wakidhani amekufa, lakini aliishi siku mbili hospitalini. Hakuweza kutoa hata neno moja, koo lilikuwa limechanika kwa kupiga nduru. Wakampa karatasi na kalamu. Kitu cha kwanza alichoandika hakikuwa majina ya wezi wala mahali walipomuumiza.

"Aliandika, 'Majirani walikuwa wamesafiri?'" Mama Njeri akasema. "Nikamwambia ndiyo, Baba Njeri, wote walikuwa wamesafiri. Ningemwambia nini?"

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Ningeweza kuchukua vifaa vyangu na kwenda zangu, nikitambaa kama ni lazima. Nadhani yule fundi wa kwanza ndivyo alivyofanya. Lakini nilikuwa nimeshalisema lile neno mara moja, na lilikuwa limenitoa kwenye ngazi nikiwa hai.

"Mama," nikasema, "mimi sikuwa nimesafiri." Nikamwonyesha dirisha.

Alilitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Alipiga nduru kwa muda gani?"

"Kama dakika kumi."

"Alisema nini? Mimi sijawahi kujua alisema nini."

Nikamwambia. Majina yote. Kila jina nililotaja alitikisa kichwa, kwa sababu aliwajua wote, alikuwa anawasalimia kila asubuhi. Alipomaliza kulia akajifuta kwa leso, akasimama, akainua ngazi yeye mwenyewe na kuiegemeza ukutani.

"Panda umalize," akasema.

"Mama, mkono wangu..."

"Una mwingine. Panda. Mimi nitashika."

Nilipanda. Kila baada ya kipandio kimoja nilikuwa natazama chini kuhakikisha ni yeye aliyeshika. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikazungushia tepu kwa meno. Nikarudi ndani, nikaweka betri, nikawasha stima. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mama Njeri akapita mwenyewe mbele ya kijicho, kikawaka nyekundu, na king'ora kikalia.

Safari hii kililia kama king'ora. Sijawahi kufurahi kusikia kelele namna ile. Hatukukizima. Tukatoka mbele, akafungua geti, na mtaa wote ulikuwa nje. Wale wanawake na mikono yao yenye povu, kijana wa gari, wazee, watu niliokuwa nimewasikia wakiitwa na sikuwahi kuwaona nyuso. "Kuna nini, Mama Njeri? Kuna nini?"

Akawatazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na kile kitu kinalia juu ya vichwa vyetu.

"Hakuna kitu," akasema. "Fundi anajaribu tu. Kumbe huwa mnasikia."

Wakarudi ndani mmoja mmoja, na nikaona mzee mmoja ameshika nguzo ya geti lake kama mtu aliyeishiwa nguvu.

Nilifungwa plasta mkono, ukapona. Kifundo cha mguu hakijapona. Hakiumi, ila ni baridi, hata nikikaa karibu na jiko la makaa, na mke wangu hulalamika tukilala. Sauti nayo haikurudi. Hii unayoisikia, ya kuburuta, ndiyo iliyobaki baada ya siku ile. Daktari alinimulika kooni mara tatu akasema haoni kitu, nijaribu asali. Na sifungi tena ving'ora. Nafunga taa, soketi, mita, chochote kingine utakacho.

Kule Kware, baadaye, nilisikia mwanamke anapiga nduru kwenye ngazi za ploti ya pili, jengo la vyumba vya kupanga jirani na letu. Nilitoka. Nilitoka na fulana tu, nikapiga sufuria kwa mwiko kwa sababu sauti yangu haiwezi kuita mtu. Nilidhani niko peke yangu. Nilipofika chini nikageuka, watu kumi na kitu walikuwa nyuma yangu. Walikuwa wanangoja mtu wa kwanza tu.

Kwa hiyo nakuomba, na kama hutaki kuombwa basi nakuonya. Utakapomsikia mtu anaita, usiniambie habari za mapanga, nazijua. Ogopa, lakini washa taa. Fungua dirisha, gonga bati, jibu hata kwa neno moja ili ajue kuna mtu. Maana ukizima na kukaa kitandani, usidhani hajakuona. Amekuona. Anajua ni dirisha lipi.